Salamu ndefu zilizonyamazisha king'ora cha Ngana

Saa mbili asubuhi, Atuganile Mwakibete amepiga goti kwenye ukingo wa Mto Songwe, huko Ngana wilayani Kyela, kompyuta yake ikiwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mbele yake imesimama nguzo ya chuma yenye boksi la kijivu lisilozidi tofali kwa ukubwa. Chini ya boksi kuna jicho linalopima umbali hadi kwenye maji.

Mwezi huu wa Oktoba mto uko chini, kwa hiyo mafuriko yanatengenezwa kwa ungo. Oscar, mkulima wa mpunga, anaupandisha ungo taratibu kuelekea kwenye jicho, nacho kifaa kinaamini kuwa maji yanapanda.

“Pandisha tena, kaka Oscar. Sentimita kumi.”

“Mkono unauma, dada. Mafuriko ya kweli hayachoki hivi.”

Nyuma yao wamesimama wajumbe kumi na wawili wa kamati ya maji. Jaribio likishindwa, boksi linang'olewa leo, na vitongoji vya bondeni vitaingia masika bila king'ora. Mwenyekiti wao, Mzee Gwamaka, amekuja na spana mfukoni.

“Si kwamba nakuombea mabaya, mwanangu,” anasema. “Ila sipendi safari mbili.”

Atuganile ana miaka thelathini na mmoja. Alisomea elektroniki Mbeya, akarudi Kasumulu kutengeneza simu karibu na mpaka, kazi inayompa shilingi elfu kumi na tano siku ikiwa nzuri. Boksi la mtoni alilitengeneza kwa ombi la kamati, miaka miwili iliyopita, baada ya maji kuwakuta watu wamelala.

Ndani yake kuna kompyuta ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ina kazi tatu: kupima maji, kupiga king'ora, na kutuma ujumbe kwenye simu za kaya arobaini. Ubongo ni mmoja, hivyo kazi hizo hupokezana mara nyingi kwa sekunde, zikiongozwa na mfumo endeshi wa muda halisi, yaani programu inayohakikisha kuwa jambo la haraka halipangi foleni.

Kila kazi ina sehemu yake ya kumbukumbu ya kuweka vitu inavyovishughulikia: hesabu iliyofikia, maneno inayoyaunganisha. Vitu hupangwa kimoja juu ya kingine, na cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kuondolewa. Atuganile hupaita mahali hapo rundo. Ukubwa wa kila rundo huupanga yeye, kabla kifaa hakijawashwa.

“Ukitoa kubwa mno, kumbukumbu inaisha kabla kazi hazijaisha. Ukitoa dogo, hapo ndipo pana hatari,” anaeleza. “Chukulia majaruba. Jaruba lako likijaa kupita tuta, maji yanaingia kwa jirani, na mpunga unaooza ni wake.”

Hicho ndicho kilichotokea Aprili mwaka huu.

Mwanzoni ujumbe wa kifaa ulikuwa na herufi thelathini na nane: kimo cha maji, na neno “HAMENI”. Kwenye majaribio, kaya kumi na moja tu kati ya arobaini ziliusoma. Wengine waliufuta wakidhani ni tangazo la kampuni ya simu. Wazee walikwazika.

“Mashine inatufokea kama mgambo,” anakumbusha Mzee Gwamaka. “Haijui hata kusema mugonile?”

Atuganile akaongeza hiyo salamu ya asubuhi ya Kinyakyusa na jina la mkuu wa kaya. Safari hii kaya thelathini na sita ziliusoma. Orodha ya majina iliandikwa na katibu wa kamati, naye hakutaka kumvunjia mtu heshima, kwa hiyo kila mzee aliingizwa na vyeo vyake vyote. Fundi alijaribu ujumbe mpya kwa jina lake mwenyewe, ukafika, akafunga boksi. Rundo la ujumbe aliliacha vilevile: baiti 512 za kumbukumbu.

Maji yalipopanda, ujumbe wa kwanza ulitoka, wa pili, wa tatu. Wa nne ulikuwa wa Mzee Asajile, mzee wa kanisa, mwenyekiti mstaafu wa kitongoji na mlezi wa kwaya. Rundo lilifurika, likamwagikia la jirani, na jirani alikuwa king'ora. Kikanyamaza.

Hakuna aliyekufa. Lakini Tukuswiga, mjane anayeishi bondeni bila simu, alimbeba mama mkwe wake mgongoni, maji yakiwa kifuani.

“Sikumtukana,” anasema Tukuswiga, naye amekuja leo. “Nilimuuliza tu: king'ora chako kililala?”

Swali hilo Atuganile hulirudia bila kuongeza neno. Alibadilisha betri, akabadilisha king'ora, akailaumu radi. Siku ya sita alijaza rundo zima kwa namba moja ile ile, kama mtu anayepaka ukuta rangi, kisha akajaribu majina yote arobaini, moja baada ya jingine. Baada ya kila jina aliangalia rangi imefutwa hadi wapi.

“Kama alama ya tope ukutani,” anadakia Mzee Gwamaka. “Maji yakishuka, unajua yalifika wapi.”

“Ndivyo hivyo, baba. Kosa langu niliangalia ukuta kabla ya mvua, kwa jina langu lisilo na vyeo.”

Njia nyepesi ilikuwa kufuta salamu. Alikataa, kwa sababu hesabu ya wasomaji ilimkataza. Badala yake alipima jina refu kuliko yote, akakuta linahitaji baiti 1,140, akatoa 1,536. Akaweka na mlinzi: rangi ya ukingoni ikiguswa, kifaa kinajiwasha upya na kuanza na king'ora.

Sasa Oscar anafikisha ungo kwenye alama nyekundu. King'ora kinalia, bata wa jirani wanatawanyika. Simu zinaanza kuita mifukoni: moja, mbili, tatu.

Ya nne inaita. King'ora bado kinalia.

Mzee Asajile, aliyesimama na wajumbe, anaitoa simu yake, anaisogeza mbali na macho, anasoma kwa sauti vyeo vyake vyote. “Ndaga fijo,” anaishukuru simu. “Ila haijaniuliza habari za ng'ombe.”

“Una baiti 396 zilizobaki, mzee,” anajibu Atuganile, macho kwenye kompyuta. “Ng'ombe wako ni wangapi?”

Wajumbe wanacheka. Tukuswiga hacheki, anasubiri hadi ujumbe wa arobaini utoke na king'ora kizimwe kwa mkono, ndipo anaondoka kwenda shambani. Mzee Gwamaka anatumia spana yake kukaza nati za nguzo.

Mpango wa Atuganile ni kufunga boksi la pili juu zaidi mtoni. Kabla ya hapo anataka kupita masika moja. Mwezi Mei atarudi hapa kusoma alama mbili: ya tope kwenye nguzo, na ya rangi ndani ya kifaa.

“Ya tope siwezi kuipangia,” anasema akifunga boksi. “Ya ndani nataka niikute haijafika ukingoni.”