Jogoo Niliyembeba kwa Mbeleko

Ninyi mnaonicheka kila tukikutana gulioni mnakijua kisa hiki vipande vipande, na kila anayekisimulia anakiongezea chake (juzi nimesikia eti jogoo alibatizwa, jambo ambalo si kweli, ingawa ilibaki kidogo), kwa hiyo leo acheni nijiaibishe kwa mdomo wangu mwenyewe, maana aibu ni yangu na mwenye nayo ndiye anayeujua uzito wake.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimekaa na mume wangu Felisi kwenye ndoa muda wa kutosha hata watu wameacha kuniuliza habari ya mtoto na wameanza kunitazama tumbo tu, na mnajua kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, sasa mimi ndiye binti pekee wa mama yangu, basi aliyekuwa hapati usingizi kwa ajili ya jambo hilo hakuwa Felisi, alikuwa mama, na nyuma ya mama yupo Mjomba Kolumba, mkubwa wa ukoo, ambaye hakuwahi kunisema hata siku moja ila kila akiniona alikuwa anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Mwaka huo mama mdogo aliyekaa mjini Morogoro akavunjika mguu, nikateremka kwenda kumuuguza, nikakaa huko tangu tunapanda maharage ya vuli mpaka yanavunwa ya masika. Felisi alikuja kunitazama mara moja tu, mwanzoni kabisa. Kumbe mji una chai ya maziwa na mkate, na mimi si mtu wa kukataa mkate, nikanenepa, nikajaa hapa na hapa, huku nauza mchicha na vitunguu vya jirani na kuweka senti kidogo kidogo za kununulia mabati, kwa sababu nyumba yetu ya nyasi ilikuwa inavuja mpaka juu ya kitanda.

Ndipo nikamwona jogoo. Mzee Alfani, mpishi wa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge, alikuwa anauza kuku wa bwana wake aliyekuwa anarudi Ulaya, na kati ya kuku hao yupo mmoja mwekundu wa dhahabu, mkubwa kama mbuzi mchanga, na miguu yake imeota manyoya mpaka vidoleni kana kwamba amevaa soksi. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikawaza vikuku vyangu vya milimani, virefu vya shingo, vyepesi kama makuti, nikaona kwa akili yangu vifaranga wenye soksi wamejaa uwanja mzima.

"Mama, hawa wanauzwa wawili, jike na dume," akaniambia Mzee Alfani.

"Baba yangu, wawili wananishinda. Nipe dume peke yake, majike ninayo nyumbani."

"Majike yako hayo ya kienyeji?" Akamwangalia yule jogoo kwa huruma. "Haya. Ila usimninginize miguu juu, hajazoea. Na asilowe, akilowa manyoya ya miguu anashikwa na kifua, anakufa."

Mabati yakaisha hapo hapo.

Nikapanda lori la ndizi mpaka Mkuyuni, jogoo kwenye kikapu. Nashuka tu, manyunyu yakaanza, na ukungu huo unateremka, na mimi nina mlima mzima mbele yangu. Hapo ndipo nilipofanya kale kajambo kadogo kalikoniponza. Nikamtoa jogoo kikapuni, nikamfunika kichwa kwa kitambaa (kuku akiona giza anadhani ni usiku, analala), nikamfunga mgongoni kwa khanga, nikaikaza mbeleko vizuri kifuani, kikapu nikajitwika. Jogoo akatulia tuli, joto lake likanipanda mgongoni, nikajisemea Yustina una akili.

Sijapiga hatua nyingi, Bi Zawadi muuza vitumbua akaniita.

"Yustina! Umerudi na mgeni?"

Mimi nikadhani ameona mkia. "Nimerudi naye, Bi Zawadi, shikamoo."

"Marahaba, mashallah! Wa kike au wa kiume?"

"Dume! Tena dume hasa, mzito, mgongo unaniuma."

"Na wewe kimya chote hiki hukutuambia!"

"Niseme nini, na husuda za watu? Hata Felisi hajui."

Bi Zawadi akashika mdomo, macho yakamjaa machozi, akanifungia vitumbua kwenye jani la mgomba, hataki senti, akaninong'oneza, "Pilipili usile kwanza, mwanangu." Nikaitikia, nikaondoka nikijiuliza jogoo na pilipili yangu wapi na wapi.

Sasa pale kwake walikuwa wamekaa vijana wachuuzi wa ndizi, wameshauza, wanapanda milimani mikono mitupu. Hao walinipita kama upepo, na habari yangu wakaenda nayo.

Njia nzima ilikuwa heshima tupu. Mzee mmoja alinipisha akaingia kwenye majani yaliyolowa, akavua kofia. Wanawake wawili nisiowajua vizuri walinitua kikapu wakakibeba wao, "Wewe leo hubebi kitu." Na mimi, jamani, mimi niliamini ni kwa sababu nimetoka mjini! Nikaanza kutembea kwa maringo.

Karibu na nyumbani nikasikia vigelegele, nikawaza, leo kuna harusi ya nani? Kufika, ni uwanjani kwangu. Watu wamejaa. Sufuria la uji liko motoni. Mjomba Kolumba amevaa koti lake la kwendea kanisani. Felisi amekaa kwenye kigoda, watu wanampa mkono mmoja baada ya mwingine, naye uso umempauka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akaja mbio mpaka kwangu.

"Yustina, ni kweli?"

Nikajua habari ya senti za mabati imeshamfikia. "Ni kweli, mume wangu, nisamehe. Nilitaka nikwambie mwenyewe. Senti za mabati zimekwenda zote."

"Mabati siyo neno," akasema Felisi, na machozi yakamtiririka mbele za watu.

Hapo, wenzangu, ndipo nilipoikumbuka ile pilipili ya Bi Zawadi. Mwanamume halii kwa ajili ya jogoo.

Nikafungua mdomo niseme, lakini mama alishafika nyuma yangu, mikono ameinyoosha, "Nipe mjukuu wangu, nipe," na Bibi Skola, dada yake marehemu bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameshafifia, akapenyeza mkono chini ya khanga.

"Mbona mguu una manyoya?"

"Soksi hizo, bibi," akajibu mwanamke mmoja. "Watoto wa mjini wanavalishwa soksi."

Mjomba akakohoa, akainua mkono, watu wakanyamaza. "Ukoo wetu," akaanza, "leo umepata mwanamume, na jina lake ataitwa..."

Mama akafungua fundo. Khanga ikaanguka na kile kitambaa, jogoo akauona mwanga, akajinyoosha mikononi mwa mama, akakung'uta mabawa, akawika. Aliwika, nawaambia, mpaka mlima wa pili ukaitikia.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamtazama mama, nikaona uso wake unavyoshuka polepole, nikapiga magoti kwenye tope nikasema, "Mama, sikusema ni mtoto. Wallahi sikusema." (Mkristo mimi, naapa kama Bi Zawadi.)

Felisi akafuta macho kwa kiganja. Akamchukua jogoo kutoka kwa mama, akampima mikononi, juu, chini. "Lakini kweli," akasema, "ni mzito." Bibi Skola ndiye aliyeanza kucheka, halafu uwanja mzima ukalipuka, watu wanashikana mabega, Mjomba anageuza uso asionekane.

Mama hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kiganja cha mahindi, akamwagia jogoo. "Mgeni ni mgeni," akasema. "Na uji umeiva, watu wanywe." Kisha akaja akaninyanyua kutoka kwenye tope, akanifunga khanga yangu kiunoni kama nilivyokuwa mdogo, akasema kwa sauti ya chini, mimi na yeye tu: "Leo nimekuwa bibi tangu adhuhuri mpaka saa hizi. Si haba."

Nililia kwa hilo kuliko kwa aibu yote.

Mtoto wa kuzaa sikujaliwa hata baadaye, nawaambia mapema msikae mnasubiri. Mabati tuliyachelewa misimu miwili, na mvua ikiingia Felisi alikuwa anasogeza kitanda huku ananiuliza kama mwanangu hajalowa. Vifaranga wenye soksi walipatikana, na wa kwanza kuja kuomba, kwa kupitia nyuma migombani ili asionekane, alikuwa Mjomba Kolumba. Jina la Mama Jogoo nimelizoea.

Nililojifunza ni moja tu. Mtu akinipa hongera, siku hizi sipokei upesi. Namshika mkono kwanza, namwangalia machoni, namuuliza: hongera ya nini, ndugu yangu?