Ukuta wa Wodi ya Wanaume

Hospitalini wanamwita Nahumu mkaidi. Mtu wa Ipelele, wanasema, kavunjika paja, tumemtundika mguu vizuri kwa kamba na uzito, hakumaliza hata mwezi, kaondoka. Hawa watu wa milimani wanawapenda waganga wa kienyeji kuliko maisha yao. Waseme wapendavyo. Nahumu hajawahi kukanyaga kwa mganga, na mguu wake aliutaka kuliko alivyoutaka daktari yeyote, maana shamba lake la viazi ni mteremko mtupu na mtu anayechechemea haliwezi.

Gogo ndilo lililomvunja, akipasua mbao na wenzake. Alipofikishwa hospitali ya Makambako aliambiwa asishuke kitandani mpaka mfupa uunge, la sivyo atakuwa kilema. Akakubali. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, kwa hiyo kumpikia, kumwogesha na kumwaga choo chake ikawa kazi ya mkewe, Jeni. Mchana kutwa walimhitaji Jeni. Jioni kengele ikilia, mlinzi alimtoa nje kama mwizi. Pa kulala ndugu wa wagonjwa hapakuwapo, na hakuna aliyeona haya.

Jeni alimwambia mumewe kwamba analala kwa mama mmoja wa usharika, karibu na stendi. Nahumu akashukuru, akawa anamwombea huyo mama kila jioni.

Julai ilipoingia, upepo wa Makambako ukiwa unakata masikio, kitanda chake kilihamishiwa dirishani apate jua. Asubuhi akachungulia. Chini ya ukuta, kwenye saruji tupu, Jeni alikuwa amejikunyata ndani ya kitenge, anakohoa mpaka anashika mbavu. Kisha akainuka, akaanza kupuliza moto wa uji. Mama wa usharika hakuwapo kabisa. Na blanketi zito alilojifunika Nahumu lilikuwa la Jeni.

Nahumu alilia kwa hasira. Daktari alipopita, alimwomba mkewe apewe hata pembe ya korido. Akajibiwa kwamba hospitali si gesti. Basi, akaomba afunguliwe kamba. Daktari alimweleza kwa sauti kubwa, kama anayesema na kiziwi, kwamba mguu utaunga kombo. Nahumu alisema ameelewa, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kuondoka. Jeni alimsihi abaki, akaapa kwamba kikohozi ni cha moshi tu.

"Mama Anneth, mguu ni wangu, na wewe ni wangu," Nahumu alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Twende nyumbani."

Mguu ukaunga kombo kweli. Daktari hakukosea hata kidogo, na hilo ndilo linalochoma zaidi: alijua kila kitu kuhusu mfupa ule, ila ukuta wa wodi yake mwenyewe hakuwahi kwenda kuutazama.

Mwaka uliofuata walirudi mguu ukaangaliwe. Daktari yuleyule akatikisa kichwa, akauliza elimu itawafikia lini watu wa huko. Walipotoka, ukutani palepale, mwanamke kijana alikuwa anakunja mkeka wake. Jeni akampa pole ya kuuguza, akavua blanketi alilojitanda na kumfunika nalo mabegani.

"Mgonjwa wako asijue unalala wapi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Wakimhamishia dirishani, wewe hamia upande wa pili."