Harmat Alipolala Mbele ya Daktari

Kila neno hapa chini ni kweli tupu. Naapa kwa masharubu yangu, na mwenye shaka aende akamuulize farasi mwenyewe.

Saa moja asubuhi, ukungu haujatoka nyikani, Bencsik Ambrus anamtandika Harmat, farasi wake jike. Tandiko la wachungaji wa farasi wa huku halina mkanda wa tumboni. Linakaa mgongoni kwa uzito wa mpandaji tu, na asiyejua kukaa huanguka nalo. Ambrus hajaanguka tangu ujana wake.

Shamba la kuzalisha farasi limepata mmiliki mpya, na majike wazee wanapimwa. Atakayelala kwa mlio wa mjeledi na kuinuka tena atabaki, awe wa kuonyeshwa wageni. Atakayeshindwa anapanda lori la machinjioni. Lori liko langoni, injini inanguruma. Wenzake Harmat wameshapakiwa, na mmoja analia kwa sauti tunayoijua.

"Nimemkanda miguu msimu wote wa baridi," anasema Ambrus, mjane asiye na mtoto, anayelala kwenye chumba cha shamba. "Kulala analala. Kuinuka ndiko kunakomshinda."

Daktari wa mifugo, Rozgonyi Csilla, anaashiria waanze. Mjeledi wa Ambrus unalia hewani bila kugusa ngozi. Huku kwetu mchungaji anayempiga farasi wake hapewi mkono. Harmat anakunja magoti, analala ubavu, shingo chini, kama alivyofunzwa. Mjeledi unalia mara ya pili, wa kumwinua. Anachimba udongo kwa kwato, anatikisika, analala tena.

Hapo mwandishi wa habari hii, aliyekuwa ameegemea uzio, akaona aingilie kati. Nikamweleza daktari kwamba ukoo wa Harmat hufunzwa kulala siku nzima. Bibi yake alijilaza majanini mpaka jeshi la Waturuki likapita lote, na alipoinuka ndege alikuwa ameshamtagia sikioni. Huyu hajashindwa, nikasema, anatii.

"Sawa, Mzee Döme," daktari akasema, akapindua ndoo, akaikalia. "Nitamsubiri."

Tukasubiri. Baridi yote ile, jasho likamtoka Harmat shingoni. Ambrus angeweza kuupiga mjeledi hewani tena, na Harmat angejaribu mpaka avunjike mfupa. Akauweka chini.

"Döme anakudanganya, daktari. Hawezi."

Daktari hakukasirika, na hilo lilitutisha zaidi. Alisema asiyeweza kusimama hapakiwi, humalizwa palepale. Akafungua mkoba wake. Kisha akanigeukia.

"Jana baa nzima ilikusikia ukisema zizi lako linatosha kikosi cha wapanda farasi. Basi mchukue, sasa hivi. Au hilo nalo lilitagwa sikioni?"

Ambrus akaniangalia. Zizi sina. Nina banda la mbuzi mmoja, nalo linavuja.

Nikasema linatosha.

Ambrus akaliondoa tandiko kwa mkono mmoja, akapiga magoti, akaingiza bega chini ya shingo ya Harmat. Lori likaondoka na wale wengine. Kelele zao zilipopotea kabisa ndipo Harmat akainuka, miguu ikitetemeka, bila mjeledi.

Sasa anaishi kwenye banda langu, makalio nje, kichwa dirishani mwa jiko langu. Mbuzi amehamia chumbani. Ambrus huja kila asubuhi kabla ya kazi, ambayo naye hajui itadumu hadi lini.

"Sitaki mengi," anasema. "Afike tu Sikukuu ya Mtakatifu Georgi, tunapopeleka makundi malishoni. Afie kwenye majani, asifie kwenye bati la lori."

Dawa ya kumkandia Harmat miguu ni pombe kali ya plamu, ninayoipika mwenyewe. Juzi nilimwapia Ambrus kwamba imekwisha kabisa. Akamsogeza mbuzi, akainama chini ya kitanda changu, akavuta dumu nililojiwekea kwa ajili ya matanga yangu.

"Fungua, Mzee Döme," akasema, kiganja kimekingwa.

Nikafungua.