Somo la Jiometria Stesheni Kolwezi

Kilichoninyima usingizi si kazi yenyewe. Shule ya sekondari ya Walutheri, Kolwezi, ilikuwa tayari kunipa hesabu za darasa la tatu nizifundishe. Lakini ndiyo shule aliyosoma mama, kabla watu wa asili ya Kasai hawajafukuzwa mkoa wa Katanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Je, nikitaja jina langu la Kikasai darasani, watacheka au watanyamaza? Na lipi baya zaidi? Nikaomba kwanza kwenda kuangalia.

Mwene-Ditu, nyumbani. Mama alinifungia karanga za njiani. Hadi Kamina, kila treni iliposimama nilipanga upya jinsi ya kujitambulisha. Tenke nilishuka, nikapanda basi dogo.

Kolwezi. Pikipiki ya taxi-moto ilinifikisha mtaa wa Dilala kwa mwenyeji wangu, Tata Mukalay, mwalimu mstaafu wa shule hiyo. Nilijitambulisha haraka, jina la mama likiwemo, kama mtu anayemeza kwinini.

“Mutoto wa Kapinga? Ingia. Unakonda hivi, kule bukari haiko?”

Tulipokwisha kula bukari, yaani ugali wa huko, alinisimulia. Familia zilizofukuzwa zililala stesheni majuma mengi zikingoja treni. Nusu ya darasa lake ilikuwa huko. Basi yeye na wenzake wakaenda kufundisha huko huko. Alikuwa akiandika kwa chaki ubavuni mwa behewa. Vijana wa mjini wakamzomea kwa kufundisha watu walio safarini: “Tata, unafundisha bantu beko banaenda?”

“Banaenda,” aliwajibu, “lakini mutihani iko.”

Siku moja treni iliondoka kabla hajamaliza kuthibitisha jumla ya pembe za pembetatu. Alikimbia kando yake akipaza sauti mistari iliyobaki.

“Hukuogopa, Tata?”

“Niliogopa sana. Lakini bale banafunzi balikuwa bangu.”

Asubuhi alinipeleka shuleni. Nilitaja jina langu mbele ya darasa. Msichana wa mbele akainua mkono. “Madame, utatupa mazoezi mingi ya ku nyumba?”

“Nikija, mawili kila siku,” nikamjibu.

Kurudi. Dirishani niliwaza jinsi tulivyozoea kusimulia habari za waliotufukuza, na jinsi hatukuwahi kuwashukuru waliotufuata stesheni. Nyumbani nikamtajia mama yule mwalimu.

“Mukalay? Alinipa zero ku gare, mbele ya bantu bote.” Akaicheka hiyo zero ya stesheni mpaka akashika meza. Alipotulia aliuliza, “Utapanga nyumba mtaa gani kule Kolwezi, Manika ao Dilala?”

“Dilala,” nikasema. Kesho yake nikapiga simu shuleni kuikubali kazi, na juma lililofuata nikapanda treni tena, safari hii na godoro langu.