Unywele na Injini ya Pembe Tatu

Kiwandani walimwita Unywele, na jina likamganda hata watoto wa kaka yake wakakua wakimwita Shangazi Unywele. Alikuwa mchonga vyuma. Ukimpa kipande, alikipapasa kwa kidole gumba na kusema, "Bado nusu unywele," na kipimo kikiletwa kilikubaliana naye. Wenzake walitania kwamba hata chumvi ya mboga anaitilia kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia unene wa vyuma.

Katika ujana wake kiwanda kilijaribu kutengeneza injini ya ajabu. Injini za kawaida zina pistoni zinazopanda na kushuka. Hii haikuwa na pistoni hata moja. Ndani yake lilizunguka pande la chuma la pembe tatu, katika chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kwenye kila pembe palichomekwa kipande chembamba cha kuzuia moto usivuje. Mafundi walikiita sili. Sili zilichongwa na Unywele. Aliyeijaribu injini alikuwa kaka yake, kifungua mimba wa mama yao, mtu wa vicheko na kuthubutu.

Injini hizo zilitengenezwa mbili tu. Ya kwanza ilipasuka mbele ya kaka yake, na mshindo wake ukaliua sikio lake la kulia. Wakubwa wakauliza: mjaribu alizidisha kasi, au mchongaji alikosea? Kaka alijibu kwa mkato kwamba alizidisha yeye. Aliachishwa kazi, mradi ukafungwa, na injini ya pili ikapelekwa chuo cha ufundi, ikawekwa stoo na kugeuzwa meza ya makopo ya rangi.

Tangu hapo ndugu hao waliongea yote isipokuwa hilo. Walizika wazazi pamoja, wakaozesha watoto pamoja, lakini injini ikitajwa mezani, mmoja wao alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje.

Walikuwa wamejaa mvi wakati mwalimu wa karakana ya chuo alipowatafuta, akawaomba waiwashe ile ya pili mbele ya wanafunzi. Unywele alitaka kukataa. Kaka yake alikubali kabla ombi halijaisha. Basi Unywele akachonga sili mpya, kila moja akiipapasa mara mbili. Alimuuliza kaka yake ataifikisha kasi gani.

"Ile ile," alijibu, akaendelea kunywa chai.

Asubuhi ya siku yenyewe karakana ilijaa. Injini ilifungwa kwenye fremu nyuma ya kioo kinene. Kaka alishika mpini wa mafuta. Unywele alisimama kushoto kwake, upande wa sikio zima, kidole kikiwa juu ya swichi ya kuzima.

Injini ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, ikashika. Haikutikisika, ilivuma tu, nyororo kama cherehani. Wanafunzi walipiga makofi. Kaka akasukuma mpini, mshale wa kasi ukapanda, akausukuma tena. Makofi yakakoma yenyewe.

Hapo Unywele akasikia kitu chini ya ule mvumo, chembamba, kama ukucha ukikwaruza sufuria. Akawatazama wengine. Hakuna aliyeshtuka.

"Kaka, punguza. Inakwaruza."

"Haikwaruzi. Umeogopa tu. Niache nifike."

Mshale uligusa alama nyekundu. Ukucha ule sasa ulikuwa mkali, na kioo kikaanza kutetemeka. Unywele alijua kwamba akizima, kaka yake ataondoka na lawama ile ile ya kuzidisha kasi, na mbele ya watu. Asipozima, huenda asiondoke kabisa. Heri nusu shari. Akabonyeza.

Mvumo ukakatika. Kaka yake aligeuka taratibu, uso umevimba kwa hasira.

"Hii mara ya pili unaniangusha, mdogo wangu."

Mara ya pili. Unywele aliyarudia maneno hayo moyoni, na ndipo alipoelewa kwamba miaka yote hiyo kaka yake aliamini zile sili zilikuwa mbovu.

Injini ilipopoa Unywele akaomba spana, akaifungua mbele yao wote. Alizitoa sili moja moja na kuziweka kwenye kiganja cha kaka yake. Zote nzima. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye ukuta wa chumba, akasita. Akaushika mkono wa kaka yake na kuuburuta pale pale. Ukuta ulikuwa na mawimbi kama bati la paa. Mengine yalikuwa mapya, yaking'aa. Mengine yalijaa masizi makavu ya enzi za kiwanda, wakati injini hii ilipozungushwa polepole tu. Chuma cha ukuta kilikuwa laini mno. Injini ilikuwa ikijitafuna, na bila shaka ile ya kwanza pia.

Kaka alipapasa kwa muda mrefu.

"Siku ile sikuzidisha," alisema hatimaye. "Nilijua nisiposema hivyo watakufukuza wewe."

"Na mimi niliamini umezidisha," Unywele akasema. "Nikanyamaza nisikuaibishe."

Kaka alikaa juu ya kopo la rangi, akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa mkono wenye grisi akazidi kujichafua. Mwalimu aliwatoa wanafunzi nje kwa upole.

Hasira ilimjia Unywele baadaye, akiwa nyumbani anavua viatu. Alimpigia kaka yake simu, akamwambia hakumtuma kamwe apoteze kazi kwa ajili yake, na kwamba angalau angemuuliza. Angemwambia sili zilikuwa sawa. Kaka alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea, akasema ni kweli, angeuliza.

Injini iliachwa wazi pale chuoni, ukuta wake ukionekana. Wanafunzi wakipita, hupenyeza mkono na kupapasa mawimbi.