Siku Niliyopokea Shikamoo ya Mama Paskali

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka kama nimeinamia jiko.

Nilikuwa msichana, kibarua wa kuchimba vitunguu saumu huko Tumati. Shule nilifika la tatu tu, lakini sauti nilikuwa nayo. Mwenye shamba akaisikia, akanifanya nyapara wa wanawake wote, akanipa na buti za mpira. Jamani, buti! Wenzangu wako peku, mimi napita kwenye matuta kama mkuu wa wilaya.

Kati yao alikuwepo Mama Paskali, rika la mama yangu mzazi. Ndiye aliyenifundisha kazi ile, kulegeza udongo pembeni ili jembe lisikate kitunguu. Asubuhi hiyo nikamkuta amekaa anasugua goti. Sikumwamkia. Nikasema, "Inuka wewe! Hapa hatuoti jua."

Akainuka taratibu, udongo mikononi, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bosi."

Mdomo wangu ukatangulia akili. Nikajibu, "Marahaba."

Majembe yakasimama. Halafu mmoja akapasua kicheko, "Uuuwi! Ameipokea!" Mwingine, "Mwamkieni bibi yenu, jamani!" Tangu hapo kila niliyempita ananipa shikamoo, hata wa rika langu, uso mkavu kabisa. Ningeweza kuomba radhi pale pale. Nikaona nyapara akiomba radhi atadharauliwa. Ujinga mtupu.

Mchana wingu likatanda. Vitunguu tulikuwa tumevianika chini. Vikilowa vinaoza, na kazi yangu imekwisha. Nikapiga kelele wakimbie kubeba. "Shikamoo," wakanijibu, wakaendelea kutembea kama wanasindikiza mgeni. Nikabeba peke yangu, nalia. Matone yalipoanza nikaenda kwa Mama Paskali, nikapiga magoti mbele ya wote.

"Shikamoo, mama. Nimekukosea."

Akanitazama kwanza. "Marahaba. Shika huku, tubebe."

Hapo wote wakakimbia. Nusu tuliokoa, nusu ikalowa. Mwenye shamba akafika anafoka, nani kachelewesha kazi? Mimi nikatazama buti zangu. Mama Paskali ndiye aliyejibu, "Mvua, baba." Hakunigeukia hata kidogo. Nami nikajificha nyuma ya neno lake hilo. Afadhali angenichapa.

Sasa wewe umewekwa kusimamia zahanati huko Katesh. Najivunia, nimewatangazia mpaka wauza maziwa. Lakini nasikia unawaamrisha manesi waliokuzidi umri kwa ujumbe wa simu, hata salamu hamna. Acha hiyo tabia, nakuambia mapema. Ofisi imekupa cheo, haikukupa miaka yao. Ukiingia kazini waamkie wakubwa zako kwanza, hata yule anayefagia, kisha toa agizo lako bila woga, maana kazi lazima ifanyike. Ukimkosea mtu, muombe radhi siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale waliokuona. Na mtu wa chini yako akibeba kosa lako, simama useme, hili ni langu. Mimi sikusema. Mama Paskali alizikwa sijasema.

Mungu akupe sauti ya kusikilizwa na shingo inayojua kuinama. Akulinde na aibu ya aina yangu, mwanangu, na watu wako wafurahi wakikuona unaingia mlangoni.