Tulivuka Tana kwa Rivasi

Niliingia Garissa kinyumenyume, matako ya boti yakiwa mbele, dada yangu akilia miguuni pangu na mimi nimeikumbatia injini kama mtu anayezuia dume la ngamia.

Usicheke. Nilikuwa nimeshatamka shahada mara tatu.

Ilikuwa Desemba 1997, mafuriko ya El Nino. Wa rika langu wanakumbuka. Barabara zimekatika, Tana imepanda mpaka mashambani, unga unakuja kwa ndege.

Serikali? Usiniulize. Wakati wa msako wa kutukamata sisi Wasomali waliijua kila njia ya kwetu. Maji yalipokuja, wakapotea. Mimi sisahau.

Shirika moja la msaada likaleta boti ya kasi. Injini moja nyuma, kubwa, nguvu za farasi mia moja na hamsini. Likaleta na nahodha wake, Lali, Mbajuni wa pande za Lamu.

Mimi nilikuwa fundi wa pampu za mashambani. Chuo sikukiona. Nilifungua, nikafunga, nikajua. Na mdomo ninao. Baraza lolote, wa kwanza kusimama ni mimi.

Nikamchunguza Lali siku tatu. Kila akiondoka, aliusukuma mkono wa gia kwa mpigo mmoja.

KAH!

Chuma kinalia mpaka sokoni.

"Anaua mashine yetu," nikawaambia watu. "Halafu kwa nini mtu wa pwani? Hapa hakuna madereva?"

Watu wakawaka. Siku mbili tukakaa mbele ya ofisi ya shirika, hatutoki. Siku ya tatu Lali akaambiwa apumzike, boti akapewa Olow.

Olow alikuwa dereva wa lori la Mandera, miaka kumi na sita. Akibadilisha gia husikii. Unaweka kikombe cha chai juu ya dashibodi, hakimwagiki.

Lali alimkabidhi ufunguo, akasema, "Ndugu yangu, hii usiibembeleze."

Nikamjibu mimi, "Mzee, wewe nenda kabembeleze samaki."

Watu wakacheka. Lali akachukua mkoba wake, akaenda kukaa kivulini.

Wiki mbili Olow akaendesha. Mkono wa gia aliutelezesha taratibu, kama lori. Krrrr, kidogo tu, halafu inaingia.

"Mnasikia?" nikajitapa. "Huyo ndiye dereva!"

Asubuhi moja akarudi kutoka kugawa unga, uso umebadilika.

"Walaal, ndugu," akaniambia, "dada yako Hinda. Uchungu siku ya bili hii. Mtoto amelala upande. Mkunga anasema hosbitali, leo."

Hinda alikuwa amekwama na watu wetu juu ya kilima ng'ambo, kilichozungukwa na maji. Mimba yake ya kwanza.

Kwenda hakukuwa na shida. Tukamlaza sakafuni juu ya godoro. Shangazi yetu, eddo Sharifo, akakaa kichwani pake anasoma Yasin. Tukaondoka.

Katikati ya mto Olow akaongeza mafuta.

TAK!

Injini ikapiga ukelele. Boti ikalegea. Maji yakatuchukua.

"Nini?"

"Gia imetoka yenyewe!"

"Rudisha!"

Akarudisha, taratibu. Krrrr. Ikashika. Akaongeza mafuta. TAK!

Mara nne hivyo.

Ubavuni petu palikuwa na ng'ombe aliyekufa, amevimba, miguu juu. Nilimtazama muda mrefu. Hatuachani. Ndipo nikaelewa: sisi na yeye ni mzigo mmoja wa mto.

Na mbele, daraja. Magogo yamejazana kwenye nguzo zake, maji yananguruma chini yake. Boti ikifika pale kwa ubavu, inapinduka. Na mamba wa Tana hawakufunga siku hiyo.

"Aboowe, kaka," Hinda akaniita. Pale alipolala alikuwa anaona mbingu tu. "Mbona injini inalia na upepo hakuna?"

"Tunaipumzisha," nikasema.

Nilitaka kulia. Naapa. Mimi, wa kwanza kusimama kwenye baraza.

Halafu nikawaza kama fundi. Kilichokufa ni meno ya gia ya mbele. Ya nyuma je? Ukingoni huwa tunaisukuma boti kwa mikono. Rivasi hatujaitumia.

"Weka rivasi!"

"Warya, wewe, una wazimu? Kufuka mto kwa rivasi?"

Mkono wake ulikuwa juu ya gia. Nikaupiga kwa ngumi, kwa nguvu zangu zote.

KAH!

Ikashika.

Nilisikia sauti ile. Nikajifanya sikuisikia.

Lakini injini ya namna hii ukiirudisha nyuma, inataka kuinuka itoke majini. Nikailalia. Kifua kinaungua, moshi unaingia machoni, maji yanapanda nyuma na kumwagika ndani. Eddo Sharifo akaacha Yasin, akashika sufuria, akawa anayateka na kuyatupa.

"Usishindane na mto!" nikamwambia Olow. "Kata upande tu!"

Daraja likawa kubwa. Nikaanza kuona magogo moja moja. Nikasoma shahada. Tena. Tena.

Matako ya boti yakagonga matope ya mji, hatua hamsini kabla ya nguzo.

Hinda alipasuliwa adhuhuri. Msichana. Wakamwita Iftin.

Ungedhani ningenyamaza, nishukuru. Mimi? Kesho yake asubuhi nilishakusanya watu mia mbili mbele ya ofisi. "Wametutilia mafuta ya gia bandia! Wametaka kutuua!"

Watu wakawaka kama zamani. Mmoja alishaokota jiwe.

Shirika wakamwita Lali afungue gia hapo hapo, mbele yetu. Akafungua skrubu ya chini. Mafuta yakatoka rangi ya asali, safi. Yangeingia maji, yangetoka meupe kama chai ya maziwa ya ngamia. Nilijua hilo. Ndani mlikuwa na chembe za chuma tu, zinang'aa.

Akatoa kipande cha katikati, kile kinachoshikana na gia. Akaniwekea kiganjani.

Meno ya upande wa nyuma, makali, mapya. Ya mbele yamelika, mviringo kama ufizi wa kibogoyo.

"Nguvu zote za farasi wale zinapita hapo," akasema kwa upole. "Haina klachi kama lori. Ukiisukuma taratibu, meno yanasagana kabla ya kuingia. Ndiyo maana mimi hupiga mara moja."

Olow akainamisha kichwa. Yeye hakuwa na kosa. Nani alimpa boti?

Watu mia mbili wananitazama, wanangoja niseme twende.

Hofu ya mtoni ilikuwa hofu ya mwili. Hii ilikuwa mbaya zaidi.

Nikapanda juu ya pipa. "Mafuta ni mazuri," nikasema. "Aliyeua gia ni mimi."

Yule wa jiwe akaliangusha chini.

Halafu Nurto, muuza maziwa, akapaza sauti kutoka nyuma: "Basi shuka hapo, tumsikie Mbajuni!"

Nikashuka.

Bado napiga kelele mpaka leo, na wengi wanazistahili. Lakini kabla ya kumfukuza mtu kazini, namwuliza kwanza kwa nini anaifanya hivyo. Halafu nanyamaza mpaka amalize kujibu.